Laini Iliyoachwa Ndani ya Biblia

Al Thumama, Doha, Ijumaa, saa nane na nusu mchana

Mwende mwanangu,

Umefunga mlango sasa hivi, umeenda Al Mansoura kumuaga rafiki yako Shamim, na umeniachia amri kana kwamba mimi ndiye mtoto: nisifungue masanduku tena, nisipime tena, nisiongeze tende wala maziwa ya unga. Sawa, mkubwa wangu. Kabla hujafika chini nilikuwa nimeshafungua lile la bluu. Nimepima, nimefunga, nimepima tena. Nimefuta jiko ambalo lilikuwa safi. Nimezima AC, nikasikia joto, nikaiwasha. Ndege zinapita juu ya nyumba hii kila siku na nilikuwa nimezizoea kabisa, lakini leo kila ikipita nasimama. Nimekaa mezani na kalamu, na sijui kama nitafika mwisho wa ukurasa kabla sijainuka tena.

Usitafute humu mambo ya kula, ya kulala, ya wavulana, wala ya kunipigia simu kila Jumapili. Hayo tumeongea hadi ukaniambia, "Haki Mum, nimeshika, hata nikiamshwa usingizini nitayasema yote." Kuna jambo lingine. Nimelificha miaka kumi na moja, na ni lazima ulijue kabla ya kesho saa moja asubuhi, Wekesa atakapokuja na gari kutupeleka uwanja wa ndege.

Nianze na Jumatano, maana najua bado unajiuliza nilipatwa na nini. Tulikuwa tunakula. Nikakuuliza nani atabaki akiangalia ile programu yenu ya Kiarabu, wewe ukiwa chuoni Nairobi na Shamim akiwa hapa hotelini kwake. Niliuliza tu, huku najipakulia sukuma wiki. Ukasema, "Shamim nimempa ruhusa ya kuangalia tu. Akitaka kubadilisha kitu anitumie, nitakiweka mimi. Asije akaniharibia." Ukaendelea kutafuna. Mimi nikaweka sahani kwa kishindo, nikaanza kukufokea kuhusu viatu vilivyo mlangoni. Viatu! Ulinitazama kama nimepagawa, na ulikuwa na haki, kwa sababu hakuna kiatu kilichokuwa kimenikosea. Maneno uliyosema ni maneno yangu. Niliyasema mimi, katika mji huu huu, kabla hujafika, mpaka hilo la "asije akaniharibia".

Wewe unamjua Wekesa kama Anko Wekesa wa basi la shule, anayekuletea mahindi kutoka kwa rafiki yake wa shamba la Umm Salal na kukuuliza kila mara kama umeolewa. Mimi nilimjua akiwa askari wa geti.

Wakati huo nilikuwa naishi Al Mansoura, wanawake wanne chumba kimoja, kitanda changu kikiwa cha dirishani. Kazini nilikuwa nabadilisha wino wa printa na kuwarudishia watu paswadi walizosahau, na digrii yangu ikiwa kwenye bahasha chini ya godoro. Wewe ulikuwa Kitui kwa nyanya yako. Nilikuacha ukiwa na miaka miwili. Kila Ijumaa tukitoka kanisani nilikuwa naona jambo lile lile: mtu anaondoka na gari lenye viti vitatu vitupu, na pale nje wamesimama wasichana wa kazi za nyumbani, siku yao moja tu ya mapumziko, hawana namna ya kurudi. Nikaandika programu. Nikaiita Kiti Wazi. Mwenye gari anasema anatoka wapi na ana viti vingapi, asiye na gari anasema yuko wapi, programu inawakutanisha. Nilijisikia mhandisi tena. Nilitumia namba za zile bamba za bluu zilizo kwenye kila jengo, za mtaa, barabara na nyumba, kila kitu nadhifu.

Mwezi mzima watu wanane tu ndio waliotumia, na watatu kati yao nilikuwa nalala nao chumba kimoja.

Ijumaa moja uani kanisani kijana mmoja mrefu, bado yuko ndani ya yunifomu ya ulinzi kwa sababu alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, akanijia. Akaniambia, "Mama Mwende, ile kitu yako ni kali. Lakini watu hawajui wanaishi wapi."

"Wanaishi hapa Doha, watakosaje kujua?"

"Muulize huyo."

Nikamuuliza msichana aliyekuwa karibu nasi anaishi wapi. Akasema, "Kwa madam. Ukipita msikiti wa mnara wa kijani, kuna Mnepali anatengeneza tairi, halafu geti lenye simba wawili." Bamba ya bluu hakuwahi kuiangalia hata mara moja. Wekesa akanitazama tu. Nilicheka kwa aibu, na nikamkasirikia kidogo, nikuambie ukweli.

Huyo kijana alikuwa amejifunza programu akiwa getini Umm Salal, kwa laptopu aliyoinunua kwa Mpakistani mmoja, bawaba yake imevunjika, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Alijifunza zamu baada ya zamu, gari likija anainuka anafungua, anarudi kwenye mstari alioachia. Hakuwa na cheti chochote. Siku zake za mapumziko akaanza kuzunguka na daftari, kuanzia Umm Salal hadi kwetu Al Mansoura, akiuliza watu wetu wanaitaje mahali. Wanasema wapi wakielekezana kwenye simu? Akajaza daftari mbili. Halafu akaandika ile sehemu ya Kiti Wazi inayomwelewa mtu akisema "kwa Mnepali wa tairi", na inayojua kwamba kwa Mnepali wa tairi na geti la simba ni dakika tatu kwa miguu. Mwende, ilikuwa kazi nzuri. Nimeishi na kompyuta miaka mingi na sijaona watu wengi wanaoandika kwa usafi ule. Baada ya wiki chache watu mia mbili na zaidi walikuwa ndani.

Na nilimpa ruhusa ya kuangalia tu.

Wewe unajua mambo haya kuliko mimi sasa, lakini wacha niandike ili nisipate pa kujificha. Alikuwa ananitumia kazi yake vipande vipande kwa WhatsApp. Mimi nakopi, nabandika, nahifadhi. Na pale tulipokuwa tunaweka mradi, kila badiliko linabeba jina la aliyeliingiza. Likabeba langu. Lote. Aliniomba, si mara moja. "Mama Mwende, niweke na mimi hapo, hata nisipogusa kitu kingine." Nikamwambia ngoja tumalize toleo hili. Toleo likaisha, nikamwambia ngoja tupange mambo vizuri. Wenzangu wa chumbani wakaniuliza mbona simuweki, nikasema yeye bado anajifunza, asije akaniharibia.

Kuharibu nini? Hakuwahi kuharibu kitu. Aliyeangusha mfumo wote Ijumaa ya Pasaka, watu wakabaki juani, ni mimi na haraka yangu, na yeye ndiye aliyeniambia kosa liko mstari gani. Niliogopa jambo moja tu: askari wa geti alikuwa ananishinda. Mimi mwenye digrii chini ya godoro. Ningemfungulia mlango, kila mtu angeona ni nani anayeandika na ni nani anayebandika.

Nimeinuka kidogo. Nimekunywa maji, nimechungulia dirishani kama unarudi. Bado. Adhana ya alasiri imepita, na mimi sijafika hata penyewe.

Kazini kwangu walikuwa wanatafuta mtu wa nafasi ya juu, ya kuchambua mifumo. Meneja wangu alikuwa amesikia habari za Kiti Wazi kutoka kwa dereva wake. Akaniita, nikamfungulia. Akapenda sana ile sehemu ya majina ya mahali. Akaniuliza, "Wazo hili ulilipataje?" Mwende, nilikuwa na nafasi ya kusema jina la mtu mmoja. Silabi tatu. Nikasema, "Nimeishi na hawa watu."

Wiki hiyo hiyo nyanya yako akalazwa. Nikaomba likizo ya dharura nikaja Kitui.

Sasa hapa unajua hadithi, au unafikiri unaijua. Ile ya laini ndani ya Biblia. Umeisikia kwenye kila krismasi na kila besdei: Mama alitoa laini ya Doha kwenye simu ili aweke ya nyumbani, akaibandika kwa selotepu kwenye Zaburi isipotee, halafu Biblia yenyewe akaisahau kitandani Al Mansoura. Na kule Kitui akitaka kuingia kwenye mradi, mtandao unamwambia "tumekutumia namba za siri kwenye simu yako", na simu yenyewe, yaani laini, iko Doha inasoma Zaburi. Watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Wewe mwenyewe huwa unanikumbusha nikiruka kipande.

Kipande ninachoruka ni hiki. Sababu ya kutaka kuingia ilikuwa Wekesa. Alikuwa ameitwa intavyuu, kampuni ndogo tu, walitaka kijana wa kuanza kazi ya programu. Alikuwa ameandika kwenye barua yake kwamba amejenga Kiti Wazi na mwenzake. Wakamwambia aje aonyeshe. Ujumbe wake nimeukariri: "Mama Mwende pole na mgonjwa. Intavyuu ni kesho saa nne. Niwekee ruhusa tafadhali, wanataka kuona mkono wangu. Hii tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Wewe ulikuwa mbele yangu, na miaka minane, na gauni la kijani ambalo mimi nilikuwa nimelituma na lilikuwa limekubana, kwa sababu nililinunua kwa kukisia. Ulikuwa umenipa chupa ya soda nikufungulie. Nikakufungulia. Ukasema, "Asante, anti."

Anti. Nyanya yako alikuwa amekufundisha niitwe mama, na kwenye simu uliniita mama vizuri sana, lakini uso kwa uso ulisahau. Ulikuwa hujui ni kosa, ukaenda zako kucheza. Mimi nikabaki na kifuniko cha soda mkononi.

Nikajaribu kuingia kwenye mradi. Wakasema wametuma namba za siri kwenye laini ya Doha. Nikamjibu Wekesa, "Pole sana, laini yangu nimeiacha, siwezi kuingia."

Mwanangu, ningeweza. Mitandao ile ukiweka ulinzi wa simu inakupa namba kumi za akiba, uziandike mahali, ili siku ukipoteza simu uingie. Wewe umeziona zako. Mimi zangu nilikuwa nimezichapisha ofisini kwenye karatasi, nimeikunja mara nne, iko mkobani nyuma ya picha zako za pasipoti. Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Niliishika hiyo karatasi. Nikaikunjua hadi nusu, nikaona namba tatu za kwanza. Nikawaza: nikimweka Wekesa leo, jina lake litatokea kwenye ukurasa, na meneja anaangalia ukurasa huo wiki hii. Ataniuliza huyu ni nani. Nafasi ile inakuja na kibali cha kuleta familia. Bila nafasi ile mtoto huyu ataendelea kuniita anti hadi aolewe. Nikaikunja tena nikairudisha.

Huo ndio ukweli wote, na sijawahi kumwambia mtu. Hata padre sikumwambia.

Wekesa alienda kwenye intavyuu akiwa amevaa tai ya kuazima. Wakamwambia afungue. Akafungua, akaweza kuangalia tu. Wakapitia mabadiliko yote, mia tatu na zaidi, kila moja lina jina langu na picha yangu. Wakamuuliza, "Wewe uko wapi hapa?" Akaeleza habari za WhatsApp. Mmoja akamwambia kwa upole kwamba hata yeye alipokuwa kijana alitamani kazi za watu. Walimwona mwizi, Mwende. Mwizi wa kazi yake mwenyewe.

Haya alinisimulia yeye, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, niliporudi. Alikuwa ameazima gari la rafiki aje anichukue, maana aliona kwenye Kiti Wazi hakuna mtu wa saa ile. Nikarudia kumwambia habari ya laini na Biblia, natetemeka, nasubiri anikamate uongo. Akalibeba sanduku langu. Halafu akacheka. "Ni sawa tu, Mama Mwende. Kumbe sisi tunahangaika huku, laini yako imebaki inasoma neno la Mungu." Ule mzaha unaouchekea kila krismasi ni wake. Alinitungia pale pale ili nisijisikie vibaya, akiwa amebeba sanduku langu. Na mimi nikauchukua. Nikaufanya wangu pia, kama nilivyofanya na mengine.

Baada ya mwezi akaiuza laptopu kwa mwenzake wa chumbani. Akachukua leseni ya kuendesha mabasi. Tangu hapo sijamwona akiandika mstari hata mmoja. Nikimuuliza husema, "Hayo ni ya vijana," na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita. Kila Ijumaa anaingia Kiti Wazi kama dereva tu, anaandika: viti vitatu, natoka kwa Mnepali wa tairi. Mnepali mwenyewe alisharudi kwao zamani. Jina limebaki, na ni Wekesa aliyeliandika kwenye daftari.

Mimi nikapata nafasi. Kibali kikatoka. Ukaja ukiwa na miaka tisa, na meno ya mbele yamepotea, na jina "anti" ulilisahau ndani ya wiki mbili. Shule uliyosoma, chumba chako, hiyo ada ya chuo unakokwenda, vyote vimetoka pale. Sikuandikii hivi ili ubebe hatia. Wewe ulikuwa unakunywa soda tu. Lakini umekuwa mtu mzima, na sipendi uishi ndani ya nyumba usiyojua ilijengwa na nani.

Na nikuambie jambo baya zaidi, kwa kuwa nimeshaanza. Mara nyingi nimejiuliza, ningerudishwa kwenye lile benchi, wewe umesema "anti" sasa hivi, ningefanya nini? Nataka kusema ningeikunjua ile karatasi. Siku nyingine nina hakika. Siku nyingine sina. Ninachojua ni kwamba kabla ya benchi kulikuwa na miezi minane ambayo hakuna mgonjwa, hakuna kibali, hakuna anti, na sikumweka. Ningemweka mapema, kwa moyo mweupe, lile benchi lisingekuwa na mtego. Meneja angeona majina mawili tangu siku ya kwanza na pengine angenipa kazi hata hivyo. Pengine. Hilo ndilo linaloninyima raha, kwamba huenda hata haikuwa lazima.

Sasa wewe na Shamim. Najua unavyomwona: hajui kuandika programu kama wewe, anachelewa kujibu, akiwa na zamu mbili hotelini hashiki simu. Yote kweli. Lakini juzi nilifungua hiyo programu yenu ya kuwafundisha wageni Kiarabu cha nyumbani. Nikabonyeza "naumwa". Nikasikia sauti ya Shamim ikisema polepole, kisha haraka kama wanavyosema wenyewe. Nikabonyeza "sijala tangu asubuhi". Nikabonyeza "naomba simu yangu". Maneno yapi mtu anayahitaji siku ya kwanza ndani ya nyumba ya watu, Shamim anayajua kwa sababu mama yake alifanya kazi za nyumbani na yeye alikua akimsikiliza. Wewe uliyaandikia mahali pa kukaa, na umepaandika vizuri. Nilipokwenda kuangalia mabadiliko nikakuta jina moja.

Sikupangii. Mradi ni wenu, na mimi si mtu wa kumfundisha yeyote habari hii. Ila kuna kitu kidogo cha kawaida ambacho huenda hujakiwaza: laini yako ya hapa itakufa usipoiwekea salio, na wewe utakuwa Nairobi unahangaika na mitihani. Siku programu ikianguka, kutakuwa na msichana ameshuka tu kwenye ndege, amepewa simu dakika tano, anatafuta neno. Shamim atakuwa hapa kilomita kumi kutoka kwake, anaangalia tu. Na ukijikuta unasema "asije akaniharibia", kaa na hilo neno kidogo ujiulize unaogopa nini. Mimi sikujiuliza. Nilijua jibu, ndiyo maana sikujiuliza.

Kuhusu leo. Ulipokuwa bafuni asubuhi unaimba, nilifungua Kiti Wazi. Nikasoma mabadiliko yote kuanzia la kwanza. Ilinichukua muda, na niliyafahamu yake yote, kwa sababu anapenda kuandika maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nayabandika nayo. "Hapa watu husema kwa simba, si geti." "Huyu hatembei mbali, mguu." Miaka kumi na moja maelezo hayo yapo pale chini ya jina langu, na anayetaka kuyaona angeyaona. Nikawaza kubadilisha majina ya zamani. Inawezekana, unajua inawezekana. Nikaacha. Ningekuwa nafuta nyayo zangu. Badala yake nimeandika kwenye ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba sehemu ya majina ya mahali iliandikwa na Wekesa yote, kwamba mimi niliiingiza kwa jina langu, na kwamba kazini nilisema ni yangu. Meneja wa sasa akisoma, asome. Nimeogopa, sitakudanganya. Halafu nimemtumia Wekesa mwaliko wa kuwa mwenye mradi, si wa kuangalia. Mwaliko unakaa wiki moja, asipoukubali unafutika.

Na nimemtumia ujumbe. Nimemwambia habari ya karatasi ya namba kumi. Yote, pamoja na mkoba mapajani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Alama za kusomwa zimegeuka bluu saa tano na dakika mbili. Tangu hapo kimya. Ndiyo maana ya masanduku, Mwende. Ndiyo maana ya jiko. Sijui kama kesho atakuja. Sijui hata kama nimemtendea haki au nimemtupia mzigo wangu baada ya miaka kumi na moja ili mimi nilale. Nimetafuta namba ya teksi nikaiweka kando, nikajiona mnafiki, nikaitupa, nikaiokota.

Simu imelia. Ngoja.

Ni yeye. Nimeusoma ujumbe wake mara nne nikiwa nimesimama. Naunakili hapa kama ulivyo:

"Nimesoma. Nilikuwa na shaka tangu siku ile pale maegesho, kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Sijui niseme nini bado. Masanduku ni mangapi? Nijue kama nikunje kiti cha nyuma."

Nimelia, mwanangu, nimelia kwa sauti, mpaka jirani Mfilipino amegonga kuuliza kama kuna mtu amekufa. Nimemwambia hapana, mtoto wangu anasafiri. Akanikumbatia.

Nimemjibu Wekesa: mawili makubwa na mkoba mmoja. Nimeangalia mradi, mwaliko bado haujajibiwa. Huenda akaukubali, huenda akauacha ufutike, na hiyo ni haki yake, sitamuuliza.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuitia ndani ya sanduku la bluu, uikute Nairobi. Nimebadilisha. Nitakupa leo ukirudi, uisome ukiwa bado hapa unaweza kunikasirikia uso kwa uso. Sitaki uingie kwenye gari la yule mtu kesho bila kujua umeingia la nani. Ukimsalimia, msalimie tu kama kila siku, usimtie aibu. Akikuuliza kama umeolewa, mjibu.

Na kesho usikimbilie kiti cha nyuma na simu yako. Nyuma nitakaa mimi, na masanduku. Wewe kaa mbele naye, umwonyeshe mnachojenga na Shamim.

Mama yako,
ambaye uliwahi kumwita anti